Ukoko wa Trei

Mlinzi wa lango la nyuma aliutikisa ule mkebe karibu na sikio lake, akasikiliza, akaona haumwambii kitu, ndipo akauliza kwa mara ya tatu:

"Nakuuliza, humu ndani mna nini?"

"Ukoko, afande."

"Ukoko wa nini?"

"Wa trei. Ile waliyookea mapaja ya kondoo leo mchana."

Mlinzi akaufungua. Ulikuwa mkebe wa bati wa majani ya chai, na ndani yake mlikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kimeshikana na mafuta yaliyoanza kuganda. Akanusa. Bila kutaka akanusa tena. Kisha akakumbuka kilichomweka pale, akakunja uso.

Mbele yake alisimama mwosha vyombo wa hoteli, mtu wa miaka arobaini na kitu, viganja vimekunjamana kwa maji utadhani ni vya babu yake. Jikoni walimwita Stilwaya, kwa sababu kile kibunda cha nyaya za kusugulia hakikumtoka mkononi tangu anaingia kazini mpaka anatoka. Kwa miaka kumi na minane hakuna trei iliyowahi kumshinda. Hata ile iliyoungua mpaka wapishi wakasema itupwe, Stilwaya aliikalia nusu saa, na ilipomtoka mikononi ungeweza kuchana nywele ukijitazama ndani yake. Hakuwa na sifa nyingine duniani, na hiyo moja aliitunza.

"Kwa hiyo umeiba uchafu," alisema mlinzi.

"Sijaiba, afande. Huu kila siku naumwagia maji ya moto na sabuni, unakwenda zake mferejini."

"Basi ni mali ya mfereji."

"Afande, jamani!"

"Jamani nini? Soma hapo."

Juu ya kichwa cha mlinzi kulikuwa na ubao: KITU CHOCHOTE KITOKACHO JIKONI NI MALI YA HOTELI. Stilwaya hakuwa na haja ya kuusoma. Mwaka uliopita mpiga deki mmoja alifukuzwa kwa mikate miwili midogo aliyoiokota kwenye sahani ya mgeni, na mmoja ulikuwa umeshaumwa. Alikuwa na watoto watano. Siku hizi alionekana kituo cha magari akibeba mizigo ya watu, na Stilwaya akimwona alivuka barabara, si kwa dharau bali kwa woga, kana kwamba kufukuzwa kunaambukiza.

Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na mtu wa namna hiyo huwezi hata kumpoza kwa soda. Aliuweka mkebe kwenye mzani wa mizigo ya wageni. Mshale haukutikisika. Akafikiri, kisha akaandika kwenye daftari la lango: Mkebe mmoja. Ukoko. Uzito: haupandishi mzani. Akauzungushia mkebe selotepu mara nne, akatia saini juu ya selotepu, na mtuhumiwa naye akatia yake. Shauri lingesikilizwa keshokutwa, sikukuu ikishapita, mbele ya ofisa utumishi.

Ikabaki kujua kielelezo kitalala wapi. Kibanda cha mlinzi kilikuwa cha mabati, hakina friji, na ndani yake joto la kuivisha ndizi. Wakapeleka ombi jikoni, jikoni wakakataa: kilichokwisha kutoka jikoni hakirudi jikoni, na hiyo nayo ni sheria, ipo ubaoni upande wa pili. Mlinzi akajikuna kichwa chini ya kofia.

"Utakwenda nao nyumbani," alisema mwishowe. "Keshokutwa saa mbili asubuhi uulete kama ulivyo. Selotepu ikiguswa tu, kazi huna. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, afande."

Ndivyo Stilwaya alivyotoka langoni jioni ile, amebeba mali ya wizi kwa idhini ya mlinzi.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili na ua mdogo wa kupikia. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameinama anamalizia magauni ya sikukuu ya watoto wa watu. Binti yao wa miaka minane alikuwa anaokota vifungo chini ya meza. Nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha chumba cha kwanza, alikuwa amelala mama mkwe.

Huyo mama ndiye aliyekuwa mwanzo wa mkebe. Alikuwa mpishi wa nyumba za wakubwa kwa miaka thelathini na mmoja, mpishi wa kuogopwa, wa kuonja kwa ncha ya kijiko na kurudisha sufuria nzima motoni. Wiki tatu nyuma alishikwa na homa. Homa ikaondoka, ikaondoka na hamu ya chakula. Uji akasema una ladha ya karatasi iliyoloa. Wali akaugeuzageuza kwa kijiko, akaurudisha. Muuguzi wa zahanati alimpima, akamvuta binti yake pembeni: asipoanza kula chakula cha maana mpaka wiki ijayo, itabidi alazwe, na kwa mwili ule uliobaki, yeye muuguzi hakutaka kuahidi lolote.

Kisha Jumatano iliyopita, bila kuulizwa, mama akasema nyuma ya pazia: "Ningepata rojo. Si mchuzi. Rojo."

Akaeleza. Nyama inaokwa kavu, haioni maji. Ikishatolewa, chini ya trei unabaki ukoko. Huo ukoko ndio wenyewe. Nyama ni kisingizio. Unaumwagia maji ya moto kidogo, unaukwangua taratibu kwa mwiko wa mbao, unautia unga uliokaangwa, unauchemsha mpaka uvae mgongo wa kijiko. Stilwaya alisikiliza yote hayo amesimama na sahani ya uji usioliwa mkononi, uso ukimwaka kwa aibu. Miaka kumi na minane alikuwa anamwaga rojo la mama mkwe wake mferejini.

Kati yao wawili mambo hayakuwa mabaya, ila hayakuwa mepesi. Siku ya posa mama aliuliza kitu kimoja tu: "Anafanya kazi gani?" Alipoambiwa, alisema "Aa," na hiyo "Aa" ikadumu miaka miwili. Katika majiko aliyoyatawala, mwosha vyombo ndiye mtu wa mwisho: anakula amesimama, tena kilichobaki. Sasa alikuwa ameishi kwa mkwewe miaka sita, na bado alimwita "kijana wa vyombo." Huenda kwa mapenzi. Stilwaya hakuwahi kuwa na uhakika.

"Umekuwa kichaa?" mkewe alinong'ona alipoelezwa habari ya selotepu. "Nani amekutuma uchukue bila kuomba?"

"Si nilitaka mama ale."

"Mimi magauni haya hayalipi hata kodi. Wakikutoa pale tutakula vifungo?"

"Sijatolewa bado."

"Uweke huko juu ya kabati, kwenye beseni la maji, usije ukaoza. Na mtoto asiuguse." Akashona kidogo, akaacha. "Nami nimeshamwambia unaleta. Kashinda anauliza saa."

"Mwambie sijapata."

"Mwambie mwenyewe. Mdomo si unao?"

Stilwaya akasogea mpaka kwenye pazia, akakohoa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta?"

"Nilichelewa, mama. Trei zilikuwa zimeshaoshwa."

"Na nani?"

Hapo akakwama. Hotelini mwosha trei ni mmoja tu. "Na mimi," alisema.

"Aa," alisema mama mkwe.

Asubuhi ya sikukuu mkewe alirudi kutoka buchani na nusu kilo ya nyama ya kondoo yenye mfupa, akaiweka mezani kwa kishindo cha mtu aliyekwisha kuamua.

"Tutaoka hapahapa," alisema. "Watu walioka kabla majiko ya umeme hayajazaliwa."

Mama alisikia. Akaomba atolewe nje. Wakamweka kwenye kiti mlangoni pa ua, wamemviringisha kanga mbili, na kutoka pale akaanza kutawala. Kikaango kizito, si hicho, kile cha chuma. Mkaa kidogo chini. Mfuniko. Mkaa mwingi juu ya mfuniko. Chumvi, kitunguu saumu, basi. "Nani kasema maji? Ukitia maji ninarudi kulala." Mjukuu alipepea mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Bibi akamwambia apepee kama mtu, si kama anayefukuza nzi, na mtoto akacheka, na wote wakajisikia kwamba nyumba imerudi kuwa nyumba.

Baada ya saa nzima harufu ilianza. Si ile ya nyama ya kuchemka. Hii ilikuwa nzito, yenye kiungo cha kuungua kidogo, na ilitembea mpaka nje ya ua. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akauliza kwa sauti kama kuna mtu anaolewa. Mama mkwe alifumba macho. Koo lake lilipanda na kushuka: alikuwa amemeza mate. Binti yake aliliona koo lile likifanya kazi, akaingia ndani haraka, akajifuta machozi kwa gauni la mteja.

Nyama ikatolewa, ikawekwa kwenye sahani. Chini ya kikaango ukoko ulikuwa umetanda, mweusi wa kuelekea wekundu, umeshika kila pembe.

"Nyama ipumzike," mama aliamuru. "Nileteeni unga niuone."

Mkewe akaenda kuuchekecha unga. Mtoto akapeleka kipande kimoja cha kuonja kwa jirani. Mama akageuza uso akajikinga na jua. Kwa dakika tano, si zaidi, Stilwaya alibaki peke yake uani na kikaango kichafu.

Mawazo yake hayakuwa pale. Yalikuwa juu ya kabati, kwenye beseni. Alikuwa anajipanga atasema nini kesho: mkubwa, nilidhani, mkubwa, sikukusudia, mkubwa, nina miaka kumi na minane. Wakati kichwa kinasema hayo, mikono haikungoja. Ilikimiminia kikaango maji ya moto, ikatia sabuni, ikakizungusha, ikamwaga, ikatafuta ule uzi wa chuma pale unapokaa siku zote, ikasugua pembeni, ikasugua kati, ikasuuza mara mbili. Ilikuwa kazi safi sana.

Mkewe alitoka na unga kwenye bakuli.

"Kikaango kiko wapi?"

"Si hicho hapo," Stilwaya alisema, akaonyesha kwenye kichanja cha vyombo. "Nimeshaki—"

Hakumaliza. Kikaango kilikuwa kimeinamishwa, kinadondosha tone mojamoja, kinang'aa. Mfereji mdogo wa ua ulikuwa na povu la rangi ya kahawia.

Mtoto alirudi mbio kutoka kwa jirani, akasimama, akawatazama wakubwa mmoja mmoja, akatazama povu.

"Baba," aliuliza, "umeosha rojo?"

Mama mkwe alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha uso wake ulikuwa umechoka kuliko asubuhi.

"Nirudisheni kitandani," alisema.

Stilwaya alitamani mama amtukane. Angemtukana, lingekwisha. Alisimama uani akiitazama mikono yake, akaichukia. Miaka yote ile hakuwahi kuichukia. Ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyompatia mke. Lakini leo ilikuwa imemfanyia jambo ambalo hata adui asingelifikiria. Akaingia ndani, akapita mezani, akachukua wembe wa kukatia nyuzi, akaushusha mkebe kutoka kwenye beseni.

"Unafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Nafungua."

"Weka chini."

"Mama hajala wiki tatu."

"Na kesho?"

"Kesho nitatafuta kazi nyingine."

"Wapi? Nani anangoja mwosha vyombo wa umri wako?" Mkewe alimshika kifundo cha mkono. "Nampenda mama yangu kuliko unavyompenda. Lakini weka chini."

"Mkebe gani huo?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

Pazia la kitenge si ukuta. Wakatazamana. Stilwaya akaona hakuna tena la kuficha, akasogea, akalivuta pazia kidogo, akaeleza yote tangu mzani mpaka selotepu, macho kayaweka sakafuni kama mtu mbele ya mkwewe anavyopaswa. Mama alinyoosha mkono. Akaupokea mkebe, akaugeuza, akazisoma zile saini mbili.

"Ulikwangua kwa nini?"

"Kwa mwiko wa mbao, mama. Nilikusikia ukisema."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Akaulaza mkebe tumboni kwake.

"Nyumba ya tatu niliyopikia," alisema, "alikuwepo mwosha vyombo. Mtu mzima, ana familia. Nikawa namwona anakwangua trei zangu, anatia kwenye kopo la maziwa. Rojo langu nilikuwa nimeshatengeneza; yeye alichukua kilichobaki. Sikupungukiwa na kitu. Ila niliona ananidharau, anaingiza mkono kwenye trei yangu. Nikamwambia mama mwenye nyumba."

Mtoto alisogea, akashika ukingo wa kitanda.

"Wakamtoa siku ileile. Alikuja kuniaga. Akanishukuru, akasema nimeishi naye vizuri. Hakujua ni mimi."

"Mama," binti yake alisema.

"Ngoja nimalize. Sijamwambia mtu hili. Marehemu baba yako mwenyewe sikumwambia." Akaurudisha mkebe mikononi mwa Stilwaya. "Huu urudishe ulikokuwa. Nilishakula kazi ya mtu mmoja. Ya wa pili sili."

Stilwaya akaurudisha mkebe kwenye beseni, akauweka wembe mezani. Alipogeuka, mama alikuwa ameshajiinua kwa kiwiko.

"Mifupa mmeitupa?"

"Ipo, mama."

"Basi inyofoeni nyama, mifupa irudi motoni na vitunguu. Vitunguu vyote mlivyonavyo. Ukoko ni ukoko." Binti yake akanyanyuka, lakini mama akamzuia. "Si wewe. Yeye."

"Mimi, mama?" Stilwaya aliuliza. "Mimi sijui kupika."

"Sijakwambia upike. Nimekwambia utengeneze ukoko. Nani humu ndani anaujua ukoko kuliko wewe?"

Wakamtoa mama tena mpaka uani. Stilwaya alichutama mbele ya jiko, jasho likimtiririka. Mifupa ikakaangika, vitunguu vikanywea, vikaanza kushika chini. Mikono ilitaka kukoroga. Mama akasema aviache vishike. Vikashika. Akamwambia atie maji ya moto, kijiko kimoja tu, asubiri.

"Usilazimishe. Ukoko ukiulazimisha unakata—"

"Unakatika vipande, haulainiki," Stilwaya alisema kabla hajamaliza. "Unaupa maji, unauacha unywe. Halafu unaanzia pembeni."

Mama alimtazama. "Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Ndivyo ninavyoosha."

"Basi," alisema mama polepole, "tofauti ya kazi yako na yangu ilikuwa sabuni tu."

Mara tatu aliuacha ukoko ushike, mara tatu akaulainisha, na kila mara ukaongezeka rangi. Mkewe akatia unga alioukaanga mpaka ukanukia karanga, akatia maji ya viazi vilivyochemka, Stilwaya akakoroga. Wakachuja kwa kitambaa kipya cha bitana. Halikuwa rojo la mapaja ya kondoo ya hoteli. Lilikuwa jepesi kidogo, na utamu wa vitunguu ulikuwa umezidi ule wa nyama. Waliponda kiazi kimoja, wakakifunika nalo, wakampa.

Kijiko cha kwanza mama alikaa nacho mdomoni, wote wanamtazama kama wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Chumvi imepungua," alisema.

Akala cha pili. Akala cha tatu na cha nne. Cha tano alikipeleka mdomoni, akakirudisha, akasema litunzwe, lichemshwe asubuhi na jioni lisichache, atamalizia. Mkewe Stilwaya alikwenda kushona, na kwa mara ya kwanza siku ile cherehani ilikwenda mfululizo bila kusita.

Saa mbili kamili kesho yake Stilwaya alikuwa mlangoni kwa ofisa utumishi, shati la kwenda harusini, mkebe kwapani. Alingoja mpaka saa nne kasoro. Mlinzi wa lango alikuwa ameingia mapumziko; daftari lake lilikuwa limeletwa.

Ofisa alisoma. Akasoma tena. Akamwita karani wa mishahara kutoka chumba cha pili.

"Njoo usome hii. Uzito."

Karani akasoma kwa sauti: "Haupandishi mzani." Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokula vizuri jana. Stilwaya naye alitabasamu, kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake.

"Sasa baba," alisema ofisa, "shauri lisilo na uzito mimi nitalihukumuje? Ndiyo huo? Lete."

Akaikata selotepu kwa kisu cha karatasi, akafungua, akarudi nyuma haraka na kuziba pua. Siku mbili za joto zilikuwa zimefanya kazi yake.

"Lo! Toa, toa hapa! Nenda kamwage."

"Nimwage wapi, mkubwa?"

"Mnakomwagaga siku zote. Na mkebe uuoshe vizuri, si ndiyo kazi yako?" Karani akacheka tena. "Utatia saini onyo hapa. Mara ya kwanza na ya mwisho."

Onyo lilikuwa limeshachapwa. Lilisema amekutwa na uchafu wa hoteli. Akatia saini. Kazi alikuwa nayo, na moyoni alimshukuru Mungu, lakini shukrani ile ilikuwa na kitu kichungu ndani yake kisichotaka kushuka.

Jikoni trei za sikukuu zilikuwa zimerundikana mpaka usawa wa kifua. Alisimama mbele ya sinki lake, akauinamisha mkebe juu ya tundu la mfereji. Ukoko ulitoka donge zima. Ukakwama kwenye chujio, akausukuma kwa kidole. Laiti angeufungua jana. Laiti hata mtu mmoja pale ofisini angeuliza alikuwa anampelekea nani. Kisha akafungua maji ya moto, akaosha mkebe, kisha trei ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zamu ikaisha.

Nyumbani alimkuta mama ameketi kitandani, mgongo umeegemea mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamekutoa?"

"Hawakunitoa. Wamenipa onyo."

"Na mkebe?"

Alifikiria kudanganya. "Uliharibika. Wakasema nimwage."

"Ukamwaga."

"Nikamwaga, mama."

Mama alikuwa anatazama mikono ya mkwewe, ile mikono iliyokunjamana, kama hakuwahi kuiona. "Lile letu lipo?" aliuliza.

Lilikuwepo. Mkewe alilichemsha, akaongeza chumvi, akamletea na kiazi. Mama alikula. Hakuhesabiwa vijiko, ingawa wote walikuwa wanahesabu. Alikwangua chini ya bakuli mpaka kijiko kikalia, na Stilwaya, kwa mazoea, akanyoosha mkono alipokee.

"Acha," alisema mama.

Akashusha miguu chini. Binti yake akaruka kumshika, akaondolewa kwa kiwiko. Mama alisimama, akashika ukuta, akashika mgongo wa kiti, akashika ukuta tena, akafika uani kwenye beseni la vyombo.

"Mama, kaa, nitaosha mimi," alisema Stilwaya.

"Wewe umeshinda unaosha. Kaa hapo."

Aliosha kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyetawala majiko miaka thelathini na mmoja bila kugusa sabuni. Akazungusha maji mara moja, akamwaga nusu yake miguuni mwake, akaliweka bakuli kwenye kichanja. Akageuka, anahema.

"Limetakata?"

Stilwaya alilitazama. Kwenye ukingo, upande mmoja, mstari wa rojo mwembamba kama uzi ulikuwa umebaki, unaanza kukauka. Vidole vyake vikacheza vyenyewe.

"Limetakata, mama."

Mama alirudi kitandani kwa miguu yake. Mtoto akambebea kanga nyuma. Mkewe alilitazama bakuli, akamtazama mumewe, akangoja aone. Stilwaya akaifuta mikono yake kwenye suruali, ingawa haikuwa na maji, akaliacha bakuli lilivyo.